Karani wa Mizani, Kitangari

Leo tena wamekuja na stakabadhi zao,
karatasi zilizolainika mfukoni kama kitambaa.
Mama Sekunda hakutukana. Aliniuliza tu:
"Damasi, mwanangu arudishwe shuleni mara ngapi?"
Heri angetukana.

Pesa iko njiani, nasema.
Njia gani hiyo, Bwana,
ndefu kuliko ya Waisraeli jangwani?

Usiku usingizi ulinikataa.
Nikaenda ghalani na tochi.
Korosho zilishaondoka, limebaki vumbi
na harufu ya magunia.
Nikapanda juu ya mizani kama mtoto anayecheza:
kilo hamsini na nane.
Msimu uliopita nilikuwa sitini na sita.
Nikacheka peke yangu, nikalia,
kisha nikaanza Baba Yetu, taratibu, kwa Kimakonde,
alivyonifundisha bibi kwenye foleni ya maji,
ndoo zimepangwa tangu saa tisa usiku.

Nilipofika kwenye mkate
nikakwama.
Nikakaa hapo hapo.

Sauti sikusikia. Popo walipita darini,
bati likalia kwa baridi ya mlimani.
Ila kitu kilinitoka begani
kama gunia linaposhushwa na mtu aliye nyuma yako,
usiyemwona uso.

Asubuhi, pesa bado.
Nimefagia ghala, nimetoa benchi nje.
Mama Sekunda akija sitajificha tena chooni.
Nitamwambia sijui,
halafu nimuulize
mtoto yuko darasa la ngapi.