Milimita

Kirksville, Missouri, mwezi wa pili,
theluji imegeuka tope kando ya barabara.
Lindqvist, mwanafunzi wa udaktari wa viungo,
anapuliza viganja vyake kabla ya kunigusa,
kisha ananiomba radhi kwa baridi.

Amenieleza mara mbili, polepole:
kijikaratasi kwenye kila jicho, dakika tano,
halafu mikono kichwani, halafu karatasi tena.
Wengine watatibiwa. Wengine watashikwa tu.
Hutaambiwa uko kundi gani.
Nikatia sahihi. Kuna kadi ya dola ishirini na tano,
na macho yangu yana mchanga tangu nianze zamu ya usiku
kiwandani, kwenye nyama,
feni za baridi zikinitazama usoni.

Kijikaratasi kikaning'inia kwenye kope la chini
kama risiti.
Kulia, milimita nne. Kushoto, tatu.
"Kavu," akasema, akaandika,
bila lawama.

Ningemwambia umechelewa, binti.
Novemba walimzika Mushagalusa kule Kadutu.
Nilitazama kwenye simu, kando ya makabati ya nguo za kazi,
na aproni yangu bado ina damu ya nguruwe.
Picha ikakwama chepe likiwa hewani.
Shangazi akauliza: Nabintu, mbona hulii?
Nikasema mtandao mbaya.

Sasa vidole vyake vimeingia chini ya kisogo.
Haviminyi, havivuti.
Kichwa hiki nilichokibeba peke yangu tangu kambini
kimelala mkononi mwa mtoto wa watu
anayenukia sabuni na kahawa.
Dakika kumi. Bomba la joto linagonga ukutani.
Sijui kama hii ndiyo tiba
au ndiyo kushikwa tu.

Karatasi ya pili: kulia, tano.
Kushoto, tatu vilevile.
Akainama juu ya rula kama mtu anayetoa mwiba.
"Moja tu. Huenda ikawa si kitu."
Nikampenda hapo, kwa kutonidanganya.

Kwenye maegesho nilikuwa nakwangua barafu kiooni
kwa ile kadi ya zawadi
pale chepe liliposhuka.
Udongo ukaanguka. Nikausikia,
miezi mitatu baadaye, juu ya boneti ya Toyota.

Glavu ililowa mpaka kidoleni.
Jicho la kushoto ndilo lililotangulia.
Alhamisi narudi kupimwa;
hilo la kushoto sijui kama nimwambie.