Digrii Thelathini

Miezi saba vinundu vimepanda mkono wa Helve,
kidole gumba hadi kiwiko,
kimoja kimoja, kama wapangaji wasiolipa kodi.
Tartu nzima imempaka marhamu.

Niliotesha kipande cha ngozi yake kwenye joto la mwili.
Nikaandika: hakuna kitu.

Daktari Urmas akaacha kuuliza panauma wapi.
"Nyumbani unafuga nini?"
"Samaki wa marehemu. Kila Jumamosi
naosha tangi lao, mikono mitupu."

Kumbe wapo wasiopenda joto la mtu.
Nikashusha kabati: thelathini.
Wiki ya tatu vikajitokeza vidoa vyeupe,
vikaona taa, vikageuka manjano.

Vidonge aina mbili, mpaka mto Emajõgi uyeyuke.
Helve anahesabu miezi kwa vidole,
akianzia kile kibovu.
"Na samaki?"
"Wabaki. Nunua glavu."