Siku ya Tatu, Mpe Sindano

Handaki la chini ya bahari lina taa za buluu katikati,
pale barabara inapoacha kushuka na kuanza kupanda.
Hapo ndipo kiliponishika.
Jumanne, alfajiri,
lita elfu nne za maziwa zikisukasuka nyuma ya lori,
na redioni mtu akisoma bei ya samaki.

Hakuna kilichotokea. Andika hivyo, nilimwambia daktari,
hakuna kilichotokea.
Ila vidole viliingia ganzi kimoja kimoja,
kama mtu anayezima taa chumba hadi chumba,
na moyo, huu nilioishi nao miaka hamsini na miwili
bila kuusikia,
ukaanza kugonga kama mdai.
Nikasema: kumbe hivi ndivyo watu wanavyokufa,
na sweta la Høgni bado halina mkono wa pili.

Huko Tórshavn walinibandika nyaya kifuani.
Karatasi ikatoka na vilima vyake, sawasawa kabisa.
"Moyo wako mzima."
Nusura nilie kwa hasira.
Mzima! Basi aliyekuwa akinikaba ni nani?
Vidonge vipo, akasema, wala si aibu kuvimeza.
Nikaomba kwanza nimjue anayegonga.

Wiki sita nikazunguka kwa njia ya darajani.
Maziwa yakachelewa. Jákup wa kiwandani hakusema kitu,
akatazama saa tu.
Lakini kukimbia kuna njaa yake:
mwanzo kilitaka handaki peke yake,
kisha kikataka lifti ya hospitali,
kisha kiti cha katikati kanisani,
kisha foleni ya duka, pale penye jibini.
Mwisho kikanibakishia jiko na dirisha,
na kondoo wakinitazama kutoka mlimani
kwa zile nyuso zao zisizouliza neno.

Ndipo jirani yangu Billa, muuguzi wa zamani wa melini,
akaja na funguo za gari lake dogo.
"Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe."
Huku kwetu majembe ni machache,
udongo ni mwembamba kama blanketi kuukuu.
Nikachukua sufi na sindano.

Siku ya kwanza tuliishia mdomoni mwa handaki.
Mvua, vioo vikafuka ukungu.
Billa akanifundisha kutoa pumzi kwanza,
"kuingia itaingia yenyewe":
mafundo manne ndani, mafundo saba nje.
Siku ya pili hivyo hivyo. Niliona haya.
Siku ya tatu tukashuka.

Alikuja, bila shaka alikuja,
kwenye zile taa za buluu.
Sikumwambia toka. Nilimwambia keti,
shika uzi huu.
Alinitikisa kama mbwa aliyetoka majini.
Manne ndani. Saba nje. Fundo likaponyoka, nikalirudia.
Bahati Billa hakuniambia nitulie,
alitazama barabara na kutafuna peremende.
Dakika kumi na moja.
Kisha akachoka, yeye, kabla yangu.
Miezi yote ile sikujua kwamba naye huchoka.

Sasa naendesha tena. Msiniite shujaa.
Wiki iliyopita alinikuta dukani, pale pale penye jibini,
goti likalegea,
na Sunneva wa kaunta akauliza kama nataka mfuko.
Nikatoa pumzi ya mafundo saba,
ndefu, mbele za watu, bila sindano mkononi,
nikasema hapana, ninao.

Sweta lilikwisha mwezi wa Februari.
Høgni hulivaa akienda kuhesabu kondoo.
Anasema mkono wa kushoto unambana kidogo,
karibu na kiwiko, kama umefumwa na mtu mwingine.
Sijamweleza.
Nimemwambia auvutevute,
utalegea.