Mafiga Yasiyo na Moto

Kavugho alipopanda boti ya Bukavu kwenda kumuuguza mama yake
aliniachia vyungu tisa na neno moja: mwagilia.
Nikamwagilia.
Mimi fundi wa kompyuta, nafuata maagizo.
Asubuhi kikombe, jioni kikombe,
na dirisha nikaliziba kwa gundi na magazeti
maana mlima ulikuwa unakohoa jivu
na mbuzi wa Baba Sikujuwa hana adabu.

Wiki ya tatu mlimau ukaanza kuangusha majani.
Si makavu. Ya manjano, laini.
Pilipili ikainama. Nikaongeza maji.
Ndivyo tulivyo wengi wetu:
kinachozama, tunakinywesha.

Binti yetu Asifiwe, miaka minane, akapiga magoti,
akanusa kitako cha kopo.
"Baba, hapa pananuka soksi."
Kisha: "Na huku chini, unapumulia wapi?"

Nikacheka.
Halafu sikucheka.

Kwa sababu sisi wa Goma tunaijua hewa ya chini.
Tunamjua mazuku, yule asiye na rangi,
anayelala mashimoni kwenye mawe meusi
akingoja asubuhi isiyo na upepo.
Huanza na wafupi: kuku, mbuzi,
mtoto aliyeinama kuokota mpira.
Mkubwa amesimama pembeni, anasema, mbona mimi niko sawa?
Nami nilikuwa nimesimama juu ya vyungu tisa,
kikombe mkononi, niko sawa.

Nikauchomoa mlimau na udongo wake.
Kopo la mafuta ya kupikia, halina hata tundu moja.
Mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka,
kama mlinzi wa usiku kandokando ya ukuta,
mpaka yenyewe ikawa na umbo la kopo.
Ya chini kahawia, ikachubuka vidoleni
kama ganda la haragwe lililolowa.
Ya juu, michache, bado myeupe.

Basi tukafanya kazi.
Msumari kwenye makala hadi ukawa mwekundu,
kisha tsss, ubavuni mwa ndoo, tsss, chini ya bidoni la njano,
Asifiwe akihesabu matundu hadi akachoka na hesabu.
Kokoto hapa hatununui. Mlima ulituletea bure mwaka ule,
ulipopita juu ya jiko la mama yangu
ukaacha mawe mepesi yaliyojaa vitundu,
mawe yaliyokufa huku yakihema.
Nikayaponda kwa nyundo, nikayachanganya na udongo.
Na kila chungu nikakiinua juu ya matatu makubwa.

Nzigire wa parsele ya pili alikuja kuomba chumvi,
akaganda mlangoni:
"Mafiga yote haya! Na moto uko wapi?"
Nikamwambia hapa hakupikwi kitu.
Hapa panapita upepo.

Upepo wenyewe ni feni ya kompyuta iliyokufa,
ndogo kama kiganja, nimeifunga kwa waya mguuni mwa meza.
Betri ya jua ikiwa na nguvu, inavuma chini kwa chini,
na majani yanatikisika kidogo tu,
kama watu wanaoitikia hadithi wasiyoiamini.
Dirisha liko wazi vidole vinne.
Jivu linaingia. Tunalifuta.

Sijui kama mlimau utapona, Kavugho, sitakudanganya.
Kikombe nimekipunguza; sasa kwanza natia kidole udongoni.
Pilipili imetoa jani moja, dogo kama ukucha,
na Asifiwe amelipa jina ambalo hataki nilijue.

Jana usiku nilipomaliza kufuta vyungu
nikamkuta amelala kwenye godoro lake,
sakafuni, pale pale anapolala siku zote,
mdomo wazi, shavu karibu na saruji.

Nilisimama pale muda mrefu.
Kisha nikachukua tochi
nikatoka nje kutafuta mawe manne.