Sabuni ya Zefania Ochwo

Kiswahili kwetu Tororo kilikuja kimevaa buti.
Kilikuwa lugha ya simama, ya lala chini,
ya wewe, watoka wapi saa hizi.
Mama alisema: mkikisikia mlangoni, zimeni taa.

Zefania Ochwo akakiokota hichohicho.
Angeweza kuimba Kipadhola,
tukalia naye, tukafarijiana, tukalala.
Lakini yule mbeba saruji, kope nyeupe kwa vumbi,
alisema kilio cha chumbani hakimwamshi wa barabarani.
Akaichukua tongoli ya babu yake,
ngozi ya kenge, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli,
akaenda Nagongera siku ya mnada,
akaketi mbele ya askari wanaokunywa bila kulipa.

Aliimba mstari mmoja tu, akiuzungusha:
Afande, sabuni imeadimika, utanawa na nini?

Hakusema mikono ya nani.
Hakusema kilichogandia mikononi.
Koplo mmoja alicheka, maana kweli sabuni ilikuwa ya magendo,
hata waheshimiwa walinuka.
Kisha kicheko kikamkwama kama mwiba wa samaki,
akaificha mikono chini ya meza.

Jumanne walimchukua.
Wengine husema Rubongi, wengine husema mto Malaba.
Mkewe, Nyafwono, alizunguka na picha
hadi picha ikafutika uso.

Mama yangu alifua sare za kambi
kwa majani ya mpapai, povu la kijani, jembamba.
Siku moja tulikuwa tukikamua
nikamsikia mlinzi nyuma ya kamba ya nguo
akiuvumisha puani wimbo ule,
taratibu, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi.
Akatuona. Akanyamaza.
Mama akaendelea kukamua. Maji yalitoka mekundu.
Vumbi la barabara, alisema. Vumbi tu.

Sasa nina duka karibu na reli.
Sabuni siku hizi tele: ya mche, ya unga, ya kunukia waridi.
Kila mwisho wa mwezi huja mzee mmoja mrefu,
Kiswahili chake cha kambi kimelainika,
hununua nusu mche, huhesabu sarafu mara mbili.
Ninapokata kwa waya
huanza kuuvumisha, asifike kwenye swali.

Namfungia kwa gazeti.
Swali nalijua. Namwachia aende nalo.