Mwaridi Chotara

Muuza miche pale Mbezi aliapa:
"Huu chotara, mama, wa Lushoto,
damu yake ina chai. Nusa."
Nikanusa kijiti kitupu, miiba saba,
nikatoa elfu kumi na mbili
nikajicheka njia nzima.

Baba Tumsifu akataka uwe getini,
wapita njia wajue tumehamia.
Getini mchanga una chumvi,
jua la saa nane halina adabu,
na mbuzi wa Bi Chausiku hawapigi hodi.

Nikachimba nyuma, kando ya bomba,
shimo la kunifika gotini:
samadi ya kuku, maganda ya ndizi,
na makapi ya chai ya kila asubuhi.
Mle nduguyo, nikauambia.
Jua la mapema upate lote;
mchana ukuta ukutupie kivuli.

Masika yakaja na madoa meusi.
Jani moja moja nikalichuma, nikalichoma moto.
Ikabaki fimbo.
Baba Tumsifu hakusema neno. Alikohoa tu.

Mwezi wa saba, usiku wa mgao wa maji,
nimeshika mpira, ndoo ya nne, umeme hakuna,
puani kikanijia kitu
kama birika limefunuliwa chumba cha pili.
Nikapapasa gizani. Mwiba ukaitika kwanza.
Kisha shavu, laini, lina umande.

Ndoo ilifurika, maji yakanifika vifundoni.
Dirisha la chumbani likafunguka,
sauti ya usingizi ikauliza:
"Unapika chai saa hizi?"