Kalinzi ya Maneno

Nilikuwa mkalimani. Andika hivyo, usinipambe.
Nilivaa kaptula ya kaki na soksi za kuazima,
nikasimama kati ya viti viwili:
kimoja cha kukunja, cha Bwana Mtawala kutoka Bukavu,
kingine kigoda cha miguu mitatu, na juu yake
Nsimire, mjane wa miaka kumi na tisa,
mtoto mgongoni akinyonya kidole.
Mtoto ndiye aliyekuwa mwami.
Mama alimshikia nchi tu,
kama unavyomshikia mwenzako kibuyu akivuka mto.

Mwezi wa kwanza hakutamka kitu.
Mlima mzima ukanung'unika: tumetawaliwa na kimya.
Shemeji yake, Ntakwinja, alihesabu ng'ombe wa ua kwa sauti,
asubuhi na jioni,
ili mwamikazi asikie kwamba kuna mwingine ajuaye kuhesabu.
Yeye alikamua, akachuja, akaosha vyungu kwa moshi.
Nikadhani: huyu mtoto amepewa taji zito kuliko shingo.

Mwezi wa pili Bwana alitaka wanaume arobaini
wakapande kinkina kwenye miteremko ya juu ya ziwa.
Nsimire akajibu kwa Mashi, polepole:
"Mwambie mtama wangu bado uko shambani.
Mwambie mwanamume si muhogo,
hukati kipande chake ukakichomeka ardhini akaota mwingine.
Nitatoa kumi, mvua ikikatika,
na mshahara uwekwe mkononi mwao."
Nikamgeukia Bwana, nikamwambia kwa Kiswahili cha ofisi:
"Mama anasema ndiyo."

Neno moja.
Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa,
na Bwana hakupenda majibu marefu.

Walikwenda arobaini. Walirudi thelathini na tisa.
Bahizire, mwana wa mhunzi, aliangukiwa na mti
siku ya sita, kabla hajajua bei ya jasho lake.
Nsimire alinitazama siku ile
kama mtu anayeonja maziwa na kukuta maji ndani yake.
Hakusema.

Kisha ikaja Omubande, siku ya mbegu.
Watu walijaa ua hadi kwenye migomba,
kasiksi ikitoa povu mitunguni,
na Bwana naye akaja na kiti chake,
mara hii akitaka sitini.
Nikafungua kinywa.
Mwamikazi akanyanyua kidole, si kwangu, hewani,
akasimama na kusema kwa Kiswahili,
si cha ofisi, kile cha chumvi,
alichojifunza akiwa mdogo kwa mwanamke wa Kasongo
aliyekuwa akipima chumvi mlangoni mwa mama yake:
"Kumi. Mvua ikikatika. Mshahara mkononi mwao."

Penseli ya Bwana ilianguka kwenye vumbi.
Nami nikayasikia maneno yale niliyoyazika
yakirudi nyumbani kwa miguu yake yenyewe.
Ntakwinja aliacha kuhesabu.

Jioni aliniita. Nilikuwa nimeshafunga mzigo.
Alikuwa akimsafisha mtoto masikio, wala hakuinua uso.
"Kwetu hakuna alimaye bila kutoa kalinzi.
Wewe umelima msimu mzima
kati ya mdomo wangu na sikio la mzungu, bure.
Utatoa ng'ombe."
Nikauliza, nimlete lini hapa uani.
"Si hapa. Kwa mhunzi."

Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na baiskeli.
Niliiuza Bukavu kwa mpishi wa misheni,
nikarudi kwa miguu, siku mbili,
nikivuta mtamba mwenye pembe moja iliyopinda.
Mhunzi alipokea kamba bila kunitazama.
Moto wake ulikuwa umezimwa.

Mvua ilipokatika Bwana alirudi.
Nikasimama tena kati ya viti viwili, bila soksi.
Mwamikazi alisema. Nikatafsiri.
Akasema tena, nikatafsiri, hata pale alipokohoa nilingoja.
Bwana akatazama saa yake:
"Mbona leo maneno mengi hivyo?"
Nikamwambia,
"Ndivyo alivyosema."